Kipimo Kinachodanganya: Kupima na Kutabiri Hali ya Hewa Antaktika

Kituo kikikuonyesha upepo wa mita 0 kwa sekunde kwa saa sita mfululizo, na mwelekeo haujasogea hata digrii moja, usiandike "shwari". Hata hewa iliyotulia huuyumbisha mshale kidogo. Hapo kipimaupepo kimeshikwa na sakitu, na huenda nje kunavuma vizuri tu. Kipimo kilichokufa hakina madhara makubwa, maana kila mtu anaona kimekufa. Kinachodanganya ndicho kinachoingia kwenye utabiri bila kubisha hodi.

Na kule kosa moja husafiri mbali. Antaktika ni kubwa kuliko Ulaya nzima, ila vituo vinavyokaliwa na watu mwaka mzima ni vichache, vingi vikiwa pwani. Satelaiti za juu ya ikweta, kama ile inayotuletea picha za mawingu ya Afrika Mashariki kila robo saa, zikitazama kupita latitudo 70 huona kwa kukengeza tu. Inabidi kungoja zile zinazozunguka kupitia ncha za dunia. Kati ya picha moja na nyingine, habari za pale anazo mlingoti wenye vipimo, na mtu mwenye macho.

Tuanze na joto. Zebaki huganda kwenye nyuzi -38.8, kwa hiyo isahau. Tumia spiriti au kipimo cha platinamu. Lakini adui mkubwa wa kipimajoto kule ni jua. Kiangazi halizami, na theluji hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wake, kwa hiyo kikinga kilichoundwa kuzuia jua la juu kinapigwa kutoka chini. Upepo ukishuka hadi mita 2 au 3 kwa sekunde, kikinga kisicho na feni huzidisha joto kwa nyuzi kadhaa. Kwenye nyanda za juu za ndani yamepimwa makosa ya nyuzi 10. Feni nayo inakula umeme. Kama huwezi kuilisha, usifute data, ila kila usomaji wa jua kali na upepo mdogo utie alama ya shaka.

Unyevu una mtego wake. Vipimo vingi huhesabu asilimia kwa kulinganisha na mvuke juu ya maji. Kwenye nyuzi -30, hewa iliyoshiba kabisa juu ya barafu itasomeka kama asilimia 75 hivi. Mgeni ataandika "pakavu" huku fuwele za barafu zikielea mbele ya pua yake.

Ukisimika mlingoti, au ukiukagua, jambo la kwanza kabla hujagusa chochote ni kupima urefu kutoka kwenye theluji hadi kwenye kila kipimo, kisha uandike. Theluji hupanda. Kilichoandikwa "mita 2" kwenye karatasi huenda sasa kiko mita 1.2, na hewa ya karibu na theluji ni nyingine kabisa. Kopo la kukingia mvua usihangaike nalo: theluji inayopeperushwa italijaza siku ambayo hakuna kilichoanguka kutoka mawinguni. Chomeka fito na uzipime kila mwezi.

Paneli za sola zisimame wima. Jua liko chini, mwanga wa theluji nao unakuja kwa mbele, na theluji haipati pa kulala. Betri ya asidi iliyojaa hustahimili nyuzi -60. Iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikapasuka. Ndiyo maana kinachoua vituo vingi ni ule usiku wa miezi. Chukua matumizi ya siku moja, zidisha kwa siku za giza, halafu ongeza nusu yake, kwa sababu betri baridi haitoi nguvu yake yote. Waya wenye ganda la PVC utavunjika kama tambi kavu, kwa hiyo lipia wa silikoni au teflon. Theluji kavu inayopeperuka huzalisha umeme tuli unaounguza saketi, na barafu haikupi erthi ya maana. Basi mlingoti, maboksi na ganda la chuma la kila waya viunganishwe pamoja ili visipishane chaji.

Puto la kupima hewa ya juu hurushwa kwa saa 00 na 12 za UTC, yaani saa tisa usiku na saa tisa alasiri za kwetu. Majira ya baridi mpira hukakamaa huko juu na kupasuka mapema. Vituo vingine hulichovya kwenye mafuta kabla ya kulijaza gesi. Radiosondi, yaani kile kifurushi cha vipimo kinachobebwa na puto, itoe nje mapema izoee baridi, isije ikapanda na joto la chumba. Mita mia chache za mwanzo ndizo zenye utamu: penye Ncha ya Kusini, usiku wa baridi, joto huweza kuongezeka kwa zaidi ya nyuzi 20 humo ndani puto likipanda.

Kwa hiyo ukiona usiku joto limeruka pamoja na upepo, usikimbilie kutangaza kwamba hewa mpya imewasili. Mara nyingi upepo umekoroga tu, kama kijiko kwenye chai ambayo sukari ilikuwa imelala chini. Upepo ukitulia, baridi itarudi ileile.

Kuna kipimo ambacho mashine haijakiweza. Rubani anayetua kwa skii, yaani mbao za kutelezea juu ya theluji, hatosheki kuambiwa anaona kilomita 10. Anataka kujua kama ataiona theluji yenyewe. Mawingu yakitanda, mwanga huja kutoka kila upande na vivuli hufutika. Utamwona mtu aliye mbali huku ukijikwaa kwenye tuta lililo miguuni. Ripoti mambo mawili mbalimbali: upeo wa macho, na uso wa theluji, kila kimoja kwa daraja la nzuri, wastani, hafifu au hakuna. Hesabu ni hatua ngapi bado unatofautisha matuta yaliyochongwa na upepo. Umbali upimie kwa bendera nyeusi zilizochomekwa kwa mita unazozijua.

McMurdo, kituo cha Marekani kwenye Ross Island, dhoruba kali huja kutoka kusini, zikipenya kati ya Black Island na White Island. Modeli ya AMPS, programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa inayotumika huko tangu 2000, huuona vyema upepo unaosukumwa na milima. Kwa ukungu na mawingu ya chini juu ya rafu ya barafu, ile barafu nene inayoelea baharini, sisi hatuiamini sana. Tazama Minna Bluff, rasi iliyoko kusini. Ikianza kufifia, kisha Black Island ikaifuata, acha kubishana na kompyuta. Hali ya daraja la kwanza, ambapo hakuna anayeruhusiwa kutoka nje, ni upepo unaozidi noti 55 (maili 55 za baharini kwa saa), au kuona chini ya mita 30, au baridi ya upepo chini ya nyuzi -73.

Ndege kutoka Christchurch, New Zealand, huchukua saa 5 hivi ikiwa C-17, ndege ya jeti ya mizigo, na karibu 8 ikiwa LC-130 ya skii. Njiani kuna mahali ambapo, ikipapita, mafuta hayatoshi tena kurudi. Jua dakika watakayofika hapo, na toka nje nusu saa kabla yake ukaangalie kusini kwa macho yako.