Tuzo ya Kyoto haiombwi, wadogo zangu (mimi nililipa dola 180)

Juzi usiku nilikuwa karibu kulala, simu ikalia, kijana mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, kaniandikia (yaya kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto): "Yaya, nimechaguliwa kwa Tuzo ya Kyoto ya wanasayansi na wasanii, wanaomba dola 150 za dosye mbele ya Ijumaa, unaonaje?" Usingizi ukakatika palepale. Ile meseji naijua, na dosye ni faili la maombi tu. Ilikuja kwangu mwaka 2019, na mimi sikumuuliza mtu.

Mnaonisoma toka zamani mnajua nachora na makala. Si makala kama hii unayosoma, makala ya kupikia, yaani mkaa, yale yanayobaki kwenye mbabula ya mama nami naokota. Wakati ule nilikuwa naweka michoro yangu Facebook, wabeba mizigo wa bandarini, wamama wa Kadutu na vikapu vyao, watu wakawa wananisifu kila siku, na sifa zinalewesha kuliko kasiksi, nawaambia. Sasa mtu akaniandikia kwa Kifaransa kizuri, na nembo, na sahihi, eti kamati ya Japani imeona kazi zangu, nimebakiza tu gharama za dosye. Dola 180. Mimi nilikuwa na 40. Nikaenda kwa mama, yeye anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akafungua kitambaa chake akahesabu 140, na noti moja ya 20 ilikuwa imechanika pembeni kidogo tu, mnajua hapa Bukavu noti ya namna ile hakuna mtu anaipokea, tukazunguka naye mchana mzima kutafuta wa kutubadilishia. Hakuniuliza hata Kyoto iko wapi.

Jumapili nikatangaza kanisani. Ndiyo, nilitangaza. Wamama wakapiga vigelegele, tukaombewa, wakanichangia sadaka ya safari. Baada ya wiki 3 yule wa Kifaransa kizuri hapokei simu, picha yake imepotea, na sadaka ya watu nilikuwa nimeshanunulia viatu vya kuvaa Japani. Vile viatu bado ninavyo. Na mpaka leo kuna watu wananiita Kyoto, "Kyoto, uko?", nami nacheka nao, lakini si kicheko.

Haya niliyoyasoma baadaye, ningeyasoma mbele mama angekuwa na pesa yake. Tuzo yenyewe ni ya kweli kabisa. Aliianzisha Kazuo Inamori, yule wa kampuni ya Kyocera, mfuko ukaundwa 1984 na washindi wa kwanza wakapatikana 1985. Kuna makundi matatu, teknolojia ya juu, sayansi za msingi, na sanaa na falsafa, na kila kundi lina fani nne zinazopokezana, kwa hiyo zamu ya wachoraji ikikupita mwaka huu unangoja mingine minne. Siku hizi kila mshindi anapata yeni milioni 100, zaidi ya dola 600,000, na medali ya dhahabu. Sasa fikiri, mtu anayekupa pesa hiyo anataka 150 yako ya nini? Na hakuna fomu ya kujaza! Mfuko wenyewe wa Inamori unawaandikia wataalamu wa nchi mbalimbali wapendekeze majina, kamati zinachuja hatua kwa hatua, majina yanatoka Juni, sherehe Novemba kulekule Kyoto. Wewe mwenyewe huwezi kujipendekeza. Mara nyingi anayependekezwa ameshazeeka na kazi.

Angalia Jane Goodall. Alifika Gombe, pale Kigoma, mwaka 1960, hana hata digrii, akakaa anaangalia sokwe wanavyovua mchwa kwa kijiti cha nyasi. Kyoto walimpa 1990. Miaka 30! Azim Surani aliyepata 2025 alizaliwa Kisumu, huyo aligundua miaka ya 80 kwamba kiinitete cha panya hakikui kama jeni zote zimetoka kwa mama peke yake au kwa baba peke yake, akangoja miaka 40 na kitu. Kigoma, Kisumu, hiyo ni miji ya maziwa yetu jamani, si mwezini.

Lakini aliyenimaliza ni William Kentridge wa Johannesburg, alipata 2010. Anachora na makala! Anachora, anapiga picha, anafuta, anachora tena kwenye karatasi ileile, anapiga tena, mpaka mchoro unatembea kama sinema, na alama ya alichofuta inabaki inaonekana. Siku niliyojua hilo nilikaa chini. Mimi nililipa 180 nipate mlango, kumbe makala yalikuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu: usilipe. Ukiambiwa umechaguliwa kisha lipa, usilipe. Ukiambiwa lipa nusu, usilipe pia. Na usitangaze kanisani kitu ambacho hujakishika, hiyo nasema kwa uchungu. Chora, pima, andika kila siku, weka tarehe, tunza karatasi zako zisinyeshewe. Ninyi vijana wa sasa mnataka kupigwa picha na medali kabla hamjajaza hata daftari moja, mnanuna nikiwaambia, nunieni tu, mimi nilikuwa mbaya kuliko ninyi. Nikifikiri wamama waliotoa franga zao za mwisho kwa ajili ya viatu vyangu, nasikia aibu mpaka masikioni. Mama nimemrudishia 90. Anasema imetosha. Haijatosha.

Yule kijana wa Bagira nilimwandikia haya yote usiku uleule, marefu kuliko hapa. Asubuhi akajibu: "Asanti yaya. Na kama nikitoa 50 tu?"

Nimemwambia anipigie. Bado hajapiga, na kesho ni Ijumaa.