Mwanangu hapati usingizi hadi saa saba usiku: ni uvivu, ni simu au ni ugonjwa?

Swali: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 15. Tangu mwaka jana amebadilika sana. Saa nne usiku tunamwambia akalale, anaingia chumbani, lakini hadi saa saba bado yuko macho. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kumwamsha ni vita, na walimu wanalalamika kwamba anasinzia vipindi vya kwanza. Jumamosi na Jumapili anaamka saa sita mchana. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Tulimnyang'anya simu wiki nzima, akawa anapata usingizi saa sita badala ya saa saba. Nimeona vidonge vya melatonini vinauzwa mtandaoni. Nimpe? Au kuna ugonjwa tusioujua?

Jibu: Mama, nianze na hilo linalowagombanisha wewe na baba yake. Kwa maelezo haya sioni uvivu. Naona kijana ambaye saa yake ya mwili imecheleweshwa na balehe, simu ikaichelewesha zaidi, na shule inamtaka aamke kama mtu mzima aliyelala mapema. Ushahidi umeuleta mwenyewe: mlipochukua simu, usingizi ulikuja saa moja mapema. Hiyo saa moja ndiyo fungu la simu. Kuanzia saa nne hadi saa sita alikuwa macho bila simu yoyote, na hapo lazima tutafute sababu nyingine.

Usingizi huongozwa na nguvu mbili, kama mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alivyoeleza mwaka 1982. Ya kwanza ni uchovu unaojilimbikiza: kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyoongezeka ubongoni na hamu ya kulala inavyopanda. Ya pili ni saa ya mwili, kundi dogo la seli za neva ndani ya ubongo, karibu na mahali mishipa ya macho inapopishana. Saa hiyo ndiyo inayoiagiza tezi ya pineali itoe melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kijana anapobalehe, nguvu zote mbili hubadilika. Uchovu hujilimbikiza polepole kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo anaweza kukaa macho bila kuelemewa. Melatonini nayo huchelewa kupanda.

Mwaka 1993 mtafiti Mary Carskadon na wenzake walionyesha kwamba watoto waliotangulia kubalehe ndio walioelekea zaidi kuwa watu wa usiku kuliko wa asubuhi. Wakati huo hakuna mtoto aliyelala na intaneti chini ya mto. Baadaye, mwaka 2004, mtafiti wa saa ya mwili Till Roenneberg na wenzake waliona kwamba mwelekeo huu huzidi hadi karibu miaka 20, kisha hugeuka na kuanza kurudi, wasichana wakitangulia wavulana. Kwa hiyo mnachopambana nacho ni hatua ya ukuaji.

Sasa, amri ya saa nne. Mtafiti wa usingizi Peretz Lavie alieleza mwaka 1986 kwamba saa mbili tatu kabla ya muda wa kawaida wa mtu kusinzia, mwili huwa macho kuliko wakati mwingine wowote wa jioni. Mtoto ambaye mwili wake umezoea kulala saa saba, saa nne inamkuta hapohapo. Anajilaza gizani, anajigeuza, anawaza mtihani, anawaza rafiki ambaye hajamjibu, anaanza kuuogopa usingizi wenyewe. Baada ya miezi kadhaa kitanda kinakuwa mahali pa kuhangaika, na hapo tatizo la saa ya mwili huzaa tatizo la pili la hofu. Ndiyo maana nakuomba uiache amri hiyo kwa sasa. Aende kitandani anapokaribia kusinzia, hata kama ni saa sita, kisha mwahishe muda huo kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu.

Lakini kusogeza muda wa kulala peke yake hakutoshi. Kazi kubwa iko asubuhi, na wazazi wengi huipuuza kwa sababu vita yao yote ni ya usiku. Saa ya mwili ya binadamu kwa wastani ina mzunguko unaozidi saa 24 kidogo, kwa hiyo huelekea kuchelewa na kila siku inahitaji kuwahishwa, na kinachoiwahisha ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Taa za ndani hutoa laksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje mchana, hata penye mawingu, hupatikana maelfu ya laksi. Kijana anayeamka, akavaa gizani, akapanda gari akiwa amefunga macho, anaikosa dawa hiyo kila siku. Akikaa nje kwa nusu saa jua likishachomoza, akatembea au akanywa chai yake barazani, utaona tofauti ndani ya wiki mbili tatu. Usiku fanyeni kinyume chake: punguzeni taa za nyumba nzima saa moja au mbili kabla ya kulala.

Wikendi ndiyo inayobomoa kila kitu. Siku za shule anapata saa nne na nusu za usingizi, ilhali kiwango kilichopendekezwa mwaka 2016 na madaktari wa usingizi wa Marekani kwa umri wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Deni hilo ni la kweli, na Jumamosi mwili wake unadai. Tatizo ni kwamba akiamka saa sita mchana ameukosa mwanga wa asubuhi, na usiku wa Jumapili mwili wake ni kama wa msafiri aliyevuka nusu ya bahari kwa ndege. Msimzuie kulala zaidi, ila awe ameamka kufikia saa mbili asubuhi. Akizidiwa mchana, apumzike dakika 20 hadi 30, kabla ya saa kumi jioni.

Kuhusu simu, mwanga wake unahesabika ila ni mdogo. Kinachomkesha zaidi ni kilichomo. Mazungumzo na wenzake hayana mwisho, na kijana wa miaka 15 anaona kutoka kwenye kundi mapema ni kujitenga. Kumnyang'anya kama adhabu kunamfunza kuificha tu. Kinachofanya kazi ni utaratibu wa nyumba: simu zote, zenu wazazi pia, zichajiwe usiku nje ya vyumba vya kulala, na mnunulieni saa ya kengele ya kawaida. Mueleze mapema, aagane na wenzake kabla ya muda huo.

Chunguza pia vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa na soda za kola. Nusu ya kafeini hubaki mwilini takribani saa tano baada ya kunywa, nayo huziba mahali ambapo adenosini ingefanyia kazi. Mwisho wake uwe saa sita mchana.

Vidonge, usinunue. Melatonini si dawa ya kumlaza mtu kwa nguvu. Hurekebisha saa ya mwili, na ikitolewa wakati usiofaa inaweza kuisogeza upande usiotakiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini: moja ilipungua kwa asilimia 83 kuliko kilichoandikwa kwenye lebo, nyingine ilizidi kwa asilimia 478, na kadhaa zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ndani yake. Ipo nafasi ya kuitumia kwa vijana, ila daktari aliyemwona mtoto ndiye apange kipimo na saa.

Shule nayo ina sehemu yake. Jiji la Seattle nchini Marekani liliposogeza muda wa kuanza masomo ya sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi mwaka 2016, wanafunzi walipata wastani wa dakika 34 zaidi za usingizi. Wengi hudhani watoto wangechelewa kulala vilevile, haikuwa hivyo. Kama mna kikao cha wazazi, hoja hii ipelekwe pale.

Ugonjwa? Jaribuni haya kwa wiki nne, naye akiandika kila siku saa aliyolala na aliyoamka. Nendeni hospitali na daftari hilo endapo hakuna nafuu. Msisubiri hizo wiki nne kama anakoroma kwa nguvu au pumzi inakatika akilala, kama anasinzia ghafla hata akiwa amelala vya kutosha, kama magoti yanamlegea anapocheka, au kama miguu inamsumbua usiku hadi hawezi kutulia. Na kama ameacha kufurahia aliyoyapenda, anajitenga, au anatamka kwamba afadhali asiwepo, mpelekeni siku hiyohiyo.