Lazima adui awe Mturuki?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Bristol kikazi. Kikundi cha maigizo cha majirani zangu kinatunga mchezo wake wa mummers, yaani maigizo ya jadi ya Kiingereza, wa vichekesho, tuucheze barabarani mkesha wa mwaka mpya. Nimepangiwa Turkish Knight, yaani shujaa Mturuki, adui anayepigana na Mtakatifu George. Mimi ni Mwislamu, moyo unasita. Nikiomba abadilishwe nitakuwa nimewavunjia mila yao?
Msomaji, Bristol

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie, wala usione haya. Mchezo huu umeanza kuandikwa karne ya 18, na vijiji vya Uingereza vimekuwa vikiwabadilisha wahusika vipendavyo. Mtakatifu George hugeuka Mfalme George. Mahali pa Mturuki pengine husimama askari mwenye majivuno, Bold Slasher, pengine Bonaparte mwenyewe. Nyinyi mnatunga wa kwenu, basi tafuteni adui anayemkera kila mtu mtaani. Mimi ningemleta Shimo la Barabarani, mla matairi!

Msichoruhusiwa kugusa ni mifupa ya mchezo. Kila anayeingia hujitaja na kujigamba kwa vina, watu wanapigana, mmoja anakufa, Daktari anamfufua, kisha kofia inapitishwa kwa watazamaji. Kama uliwahi kughani ngonjera shuleni, kujibizana huko unakujua tayari.

Halafu omba nafasi ya Daktari. Kicheko chote kiko kwake: anapatana bei maiti akiwa chini, anataja nchi alizotembea na maradhi aliyoyashinda, na yote ni uongo mtupu. Michezo mingi humpa Daktari msaidizi mjeuri. Mtumie! Wewe jigambe kwa Kiswahili:

Nimetibu Pemba, nimetibu Lamu,
Mafua ya kamba, na papa wazimu.

Msaidizi awafasirie Waingereza anavyotaka yeye, na kila tafsiri ipandishe bei. Ila usicheke hata kidogo. Simama wima, paza sauti, sema kama hakimu anayesoma hukumu. Mwigizaji akianza kujichekea, mchezo umekufa na hakuna daktari wa kuufufua. Robo saa inatosha, kwa baridi ya huko.

Tarehe 26 Desemba nenda kijiji cha Marshfield, si mbali na kwako, ukawatazame Paper Boys, waigizaji wa mummers wa huko. Nguo zao ni vipande vya karatasi vilivyoning'inizwa toka kichwani hadi miguuni, hata sura hazionekani. Magazeti ya zamani mnayo, anzeni kukata.