Usiandike bado barua ya kuacha kazi

Dada mpendwa, umeeleza kwamba wewe ni mhasibu, kwamba una mkopo na unamtunza mama yako, kwamba umevutwa kwa muda mrefu na utawa katika Kanisa Katoliki, na unauliza kama uache kazi sasa ili kuthibitisha nia yako. Kwa maoni yangu usiache bado, kwa kuwa Kanisa lenyewe halina haraka hiyo: unovisi (kipindi cha malezi kabla ya nadhiri) hauwezi kupungua miezi 12, na nadhiri za muda zinazofuata huchukua angalau miaka 3 kabla ya nadhiri za daima. Tena shirika la watawa haliruhusiwi kumpokea katika unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa, hivyo mkopo ulioutaja umalizwe kwanza, na mshahara ndio utakaoumaliza.

Kinachonitia shaka ni maneno yako kwamba wito huzidi kila unapokorofishana na mkuu wako wa kazi. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyeanza kuongoka baada ya kujeruhiwa vitani Pamplona, Hispania, mwaka 1521, alishauri mtu asibadili uamuzi wake wakati roho imefadhaika. Jichunguze basi siku ambayo hesabu zimefunga vizuri na umesifiwa: je, bado unatamani maisha yale? Tumia likizo kukaa na masista, ufue na kusali nao, hata ukichoka (sala ya alfajiri haina ladha kila siku). Kuhusu mama unayemtunza, mwulize waziwazi mlezi wa miito (anayewaongoza wanaotaka kujiunga na shirika), maana mtawa akifanya kazi, pato lake huwa mali ya shirika.