Karate au kung fu? Jibu langu kwa anayeogopa roba

Nilianza karate nikiwa sekondari, mtindo wa Goju-ryu, na ukubwani nikaingia kung fu: kwanza Wing Chun, mtindo wa kupigania karibu, halafu sanda, mapambano ya Kichina ya ngumi, mateke na kubwagana. Watu wakishajua hilo hawakuachi. Msibani, harusini, hata ukiwa unangoja zamu yako kwa kinyozi, utaulizwa tu: ipi kiboko, karate au kung fu? Nataka nijibu hapa mara moja, siku nyingine nimtumie mtu makala nikae ninyolewe kwa amani.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, au mji wowote mkubwa wa kwetu, anayetaka kujilinda na hana haja ya medali: tafuta darasa la karate ambalo watu wake wanapigana kweli. Kama mtaani kwenu kuna sanda, nenda sanda, usisite. Mitindo mingine ya kung fu ni mizuri na mimi mwenyewe naipenda, ila kwa kazi hii itakuchelewesha.

Wengi wanaobishana juu ya mambo haya elimu yao waliipata kibanda umiza, na siwacheki, maana hata mimi nilianzia hukohuko. Kwenye filamu adui anakuja kwa mbele, anakunja ngumi, anakungoja ujipange. Huku kwetu nani amewahi kuvamiwa hivyo? Yanayotukuta ni mkwapuzi wa pikipiki anayepita na mkoba wako, vijana wenye mapanga usiku, na roba. Wa pikipiki hana dawa, si ya Kijapani wala ya Kichina. Beba mkoba upande wa ukutani, basi. Wa mapanga nitawarudia. Roba ndiyo mtihani wenyewe, na ndiyo ninayopimia darasa lolote la kujilinda.

Kwa asiyeijua, bahati yake. Unatembea zako, mkono unapita shingoni kutoka nyuma, kigasha kinakaa kooni, unavutwa kinyumenyume mpaka visigino vinaanza kuacha ardhi. Mwenzake yuko mbele tayari, mikono iko mifukoni mwako. Mimi ilinikuta kwenye njia ya mkato kandokando ya reli, saa mbili usiku, natoka kazini. Nakumbuka harufu ya sigara kwenye shati lake na saa yake ya chuma ikinikwaruza sikio. Kidevu kilishuka chenyewe. Mikono yote miwili ikadaka kigasha chake na kukivuta chini, nikazama kwa magoti, nikageuza uso kuelekea kwenye kiwiko chake, maana hapo kwenye kunjo ndipo penye kanafasi ka kupumua. Kisha kiwiko changu kikaanza kazi kwenye mbavu zake. Akaachia. Mwenzake alishaondoka na simu. Sikumfuata yeyote, nilikimbilia barabara kuu kwenye taa na watu.

Humo hamna hata kimoja cha ajabu. Kule kuzama kunatokana na shiko-dachi, mkao wa kutanua miguu na kushuka chini ambao ulikuwa unatuchoma mapaja mpaka tunatamani kengele. Kiwiko kimo kwenye kata, ule mfululizo wa mapigo unaouchezea hewani peke yako. Lakini kata ningeweza kuicheza mpaka uzeeni na bado ningelala pale relini. Dojo letu, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, lilikuwa na desturi ya kukabana: mwenzako anakuja nyuma, anakubana kweli, na hakuachii mpaka umejitoa mwenyewe au umempiga kofi mkononi kukubali yaishe. Mtu akibanwa koo kwa mara ya kwanza akili inaruka. Anatapatapa, anashika hewa, anasahau hata jina la mtindo wake. Akibanwa tena na tena, wiki baada ya wiki, mwili unatulia na kuanza kutafuta njia. Hicho ndicho unachokwenda kulipia ada. Kama darasa halikupi hicho, hata liwe na picha ya babu wa Okinawa, kisiwa cha Japani kilichozaa karate, ukutani, unalipia mazoezi ya viungo.

Sasa kwa nini karate kwanza? Kiasili haizidi kung fu kwa lolote, tena ni damu moja. Kanryo Higaonna wa Okinawa alikwenda kujifunza Fuzhou, kusini mwa China, katika karne ya 19, na mwanafunzi wake Chojun Miyagi ndiye aliyeanzisha Goju-ryu. Siku yangu ya kwanza Wing Chun tulianza na chi sao, lile zoezi la kugusanisha mikono ili uhisi mwenzako anataka kupitia wapi. Mikono yangu ikalitambua, kwa sababu kwenye Goju-ryu tuna kakie, na tofauti yake ni ndogo. Mwalimu akasimama.

"Kaka, umetoka karate gani wewe?"

Nilipomtajia akacheka. "Basi hujatoka mbali."

Tofauti iko kwenye ufundishaji. Gichin Funakoshi alipoipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ikaingia vyuo vikuu, ikapangwa ifundishike kwa watu wengi kwa pamoja: mistari, ngumi ya msingi, teke la msingi, mitihani ya mikanda. Unaweza kuuona utaratibu huo ni wa kijeshi na wa kuchosha, lakini mtu wa kawaida, karani au muuza duka, baada ya muda si mrefu anakuwa na ngumi iliyonyooka na miguu inayojua isimame wapi. Kung fu ya kizamani inakusimamisha kwenye mabu, mkao wa kama umepanda farasi, mpaka miguu itetemeke, halafu inakupa mfululizo mrefu wa mapigo, halafu fimbo, halafu panga la Kichina. Ni sanaa ya maisha mazima. Anayepita njia ya reli kesho jioni hana maisha mazima. Na ile wushu, yaani kung fu ya mashindano, yenye sarakasi na nguo za hariri, inahukumiwa kwa uzuri wa mwendo. Itazame kwa raha yako, wala usiiombe ikuokoe.

Wing Chun ilinivutia kwa sababu inapigania karibu na haina mbwembwe. Mifululizo yake ya mikono mitupu ni mitatu tu. Shida ni kwamba nilikopita mimi tulicheza chi sao jioni nzima na hakuna aliyerusha ngumi ya kukupata usoni. Mwaka 2017 huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA, mapigano yanayochanganya mitindo yote, alimwangusha bwana mmoja wa tai chi, ile kung fu ya mwendo wa polepole, Wei Lei, kwa muda wa kama sekunde 20, na video ikazunguka dunia. Watu wakaitukana kung fu yote. Mimi niliona kitu kidogo zaidi: mtu ambaye dalili zote zinaonyesha hajazoea kupigwa, amekutana na mtu ambaye kupigwa ni kazi yake ya kila siku. Sanda nayo ni ya Wachina haohao, na hilo tatizo haina. Mnavaa glavu, mnapigana ngumi na mateke, mnabwagana. Kule kubwagana ndiko kulikonipeleka. Sisi wa karate ukitushika tu, ukadaka mguu uliorushwa, wengi wetu tunabaki tunarukaruka na mguu mmoja tukitafuta mwamuzi.

Maana karate nayo ina ugonjwa wake, na tusiufiche. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, Mwirani akazimika, akatolewa kwa machela. Hamedi akaondolewa kwa kupiga bila kujizuia, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyezimika. Kwa kanuni za mchezo sina ubishi. Ila mwili hufanya ulichouzoeza. Ukiuzoeza miaka kugusa na kurudi nyuma, ndicho utakachofanya na kibaka. Kyokushin ni kinyume chake: wanapigana bila kinga ya kifua mpaka unasikia mbavu zikilia, lakini ngumi ya usoni hairuhusiwi, kwa hiyo mikono inazoea kukaa chini. Mtaani ngumi ya kwanza inakuja usoni. Ukisoma Kyokushin, na ni mtindo wa wanaume na wanawake hasa, tafuta pia rafiki wa ndondi.

Kabla hujalipa ada, nenda ukakae pembeni utazame darasa zima. Usimtazame mwalimu, atapendeza tu. Tazama wanafunzi wawili wa kati: mmoja akishika, mwingine anajitoa kwa taabu au anaachiwa kwa heshima? Kuna glavu na kinga ya meno, na zimechakaa? Wadogo wa mwili wanapangwa na wakubwa, au wanawekwa kona yao? Kisha baada ya salamu muulize kwa adabu: "Sensei, mnafanya mazoezi ya roba?" Mwalimu mzuri ataita mtu hapohapo akuonyeshe. Atakayekuambia kwamba mbinu zao ni za kuua hivyo haziwezi kujaribiwa, mshukuru, chukua viatu vyako. Kadhalika anayekuahidi mkanda mweusi kabla mwaka haujaisha.

Na mkimbie zaidi anayefundisha kumnyang'anya mtu panga huku mwenzake ameuacha mkono umeganda hewani. Panga halina mtindo. Mpe simu, mpe mkoba, mpe na viatu akitaka. Karate yako ianzie pale anapotaka kukuondoa ulipo au kukuumiza ingawa umeshampa. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, na hatari ikiisha haki hiyo nayo inaisha. Kibaka aliyeanguka chini mwache. Umati ukijaa, wewe ndiye uliyepiga wa kwanza, na yanayofuata hapo wote tunayajua.

Jirani yangu, mama wa mtoto wa darasa la sita, ameniuliza kuhusu binti yake. Huyo nimempeleka karate bila mjadala, kwa sababu moja ambayo wengi huiona ya kuchekesha: kiai, ile sauti ya kupiga. Mabinti wetu wanalelewa kunyamaza, wengine wakishikwa hata kupiga kelele hawawezi, sauti haitoki. Kwenye dojo wanalazimishwa waitoe mbele ya watu, kila jioni, mpaka aibu iwaishe. Mama mtu ananilalamikia kwamba sasa anapiga makelele hadi bafuni. Nimemwambia amwache.

La mwisho ni la nauli. Darasa la wastani lililo karibu litakufaa kuliko darasa bora la ng'ambo ya jiji utakaloacha mvua zikianza. Na kama linaisha saa tatu usiku na kwenu ni kule ndani, uliza kama wana la Jumamosi asubuhi.