Kope Zikianza Kushuka, Kamata Ambu

Mwanafunzi mmoja wa utabibu ameniandikia: "Kaka, kuna haja gani ya kukariri mahali neva inapokutana na msuli, wakati tukimaliza tutapangiwa zahanati za porini?" Namjibu hapa hadharani, maana najua wengi mnaonisoma mnatamani ninachotamani mimi, mgonjwa wako arudi kwake akitembea.

Tuanze na porini penyewe. Huku Sikonge, msimu wa kurina asali, aliletwa mzee kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mwanawe. Nyoka aina ya koboko alimgonga mkono akiwa anashusha mzinga. Mkono haukuvimba sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndugu wakasema kachoka, aachwe alale. Mimi nikamtazama kope. Zilikuwa zinashuka, na kila akitaka kuniangalia aliinua kidevu juu ili anione kwa upenyo uliobaki. Nikamwambia, "Mzee, meza mate." Yakamtoka pembeni mwa mdomo. Vinyama vya shavuni vilikuwa vinachezacheza vyenyewe.

Yote hayo yamo kwenye somo mnalolidharau. Neva haigusani na msuli, kuna mwanya mdogo sana. Amri inavushwa hapo na kemikali iitwayo asetilikolini, inanasa kwenye vipokezi vya msuli, msuli unajikunja. Sumu ya swila huwahi kuvikalia vipokezi hivyo, asetilikolini ikija haina pa kushika. Koboko ana hiyo na nyingine juu yake: zipo zinazoifanya neva imwage asetilikolini kupita kiasi, na zipo zinazozuia kimeng'enya cha kuisafisha. Ndiyo maana misuli yaweza kuchezacheza kabla ya kulegea. Sumu ya botulini, ile ya chakula cha kopo kilichoharibika, huizuia asetilikolini isitoke kwenye neva. Ya pepopunda hupanda hadi uti wa mgongo na kuzinyamazisha neva za kutuliza misuli, mgonjwa akakakamaa.

Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alifanya majaribio kwa vyura na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Akiisisimua neva, msuli ulitulia tuli. Akiusisimua msuli wenyewe, ulijikunja. Yaani msuli ni mzima! Mwaka 1942 kurare ikaingia chumba cha upasuaji huko Montreal, na hadi leo wataalamu wa usingizi hutumia dawa za aina hiyo kumlegeza mgonjwa, wakimpa hewa mpaka dawa imwishie mwilini. Kama huyo anaamka, wa koboko akipewa hewa kwa nini asiamke?

Basi tulimfunga mzee mkono kwenye ubao usichezecheze, tukaondoka na gari la wagonjwa. Njiani pumzi ikafifia, nikakamata ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono unaompulizia mgonjwa hewa. Barabara siisimulii. Tulipofika hospitali, daktari mkubwa mmoja akammulika mboni, hazikujibu, akatamka mbele ya mwanawe: "Mnampulizia maiti."

Inaniuma mpaka leo. Mapigo ya moyo nilikuwa nayo chini ya kidole changu. Mboni nazo zinaendeshwa na neva na vimisuli, sumu inaweza kuzigandisha huku ubongo uko salama. Sikuiachia ambu mpaka dawa ya sumu ya nyoka ilipoanza kuingia kwenye mshipa na mashine ya kupumulia ikapatikana. Baadaye, mzee alipoweza kuongea, aliirudia kauli ile neno kwa neno. Alisikia kila kitu.

Wadogo zangu, tazameni kope. Tochi ya simu inatosha. Tazama, subiri kidogo, tazama tena. Akishindwa kumeza, mlaze ubavu mate yasimpalie. Usichanje, usifyonze, usiweke jiwe la nyoka, usikaze kamba. Akija tayari kafungwa kamba, usiifungue ghafla, sumu itaingia mwilini kwa mkupuo. Kwanza ambu iwe tayari mkononi. Na zungumza naye kwa heshima hata akiwa kama gogo, mwambie unachomfanyia. Halafu tazama kope tena.

Na wanaoona kupangiwa porini ni adhabu, nawaambia bila kuficha: mnaowakimbia ndio wanaowahitaji. Shirika la Afya Duniani lilikuweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa mashambani, kama hawa wetu wa tumbaku na mizinga. Anayewasahau ni nani, kama si sisi tuliosomeshwa kwa ajili yao?

Ukiripoti kituo kipya, kabla hujauliza nyumba ya mtumishi, omba uonyeshwe ambu. Iminye uone kama inarudi. Kagua mpira wa barakoa yake haujapasuka, na ziwepo saizi mbili, ya mkubwa na ya mtoto. Ikikosekana, andika barua kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo na ubaki na nakala.