Maswali Yenu ya Besi: Mkono wa Kulia Unachoka, Waya Zinaunguruma

Safari hii nimechukua maswali ya mkono wa kulia peke yake kwenye gitaa la besi, maana huko ndiko mnalia zaidi. Wale wa mashoto geuzeni tu maelezo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga besi kanisani hapa Arua, sikufundishwa na mtu, nilitazama tu wenzangu nikashika. Natumia kidole kimoja, cha shahada. Nyimbo za kuabudu sina shida ila tukifika kwenye sifa, dramu imekimbia na watu wameanza kuruka, mkono unakaza toka kiganja mpaka kwenye kiwiko nabaki nyuma. Na kiongozi wa kwaya kila siku ananiambia besi haisikiki, ongeza nguvu! Nifanye nini? – Mpiga besi, Arua

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usione aibu ya kidole kimoja. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye rekodi kibao za Motown kule Detroit, alitumia shahada peke yake na mpaka leo watu wanamsoma. Kwa hiyo tatizo lako sio idadi ya vidole, tatizo ni nguvu, na hapo kiongozi wako wa kwaya bila kujua ndiye anakuharibia mkono.

Sikiliza. Waya ya E, ile nene kuliko zote (toka nene kwenda nyembamba ni E, A, D, G), ikiwa wazi bila kubanwa inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, hiyo sauti iko chini sana, na spika ndogo za kanisani zile zinazobeba maiki, kinanda na wewe juu yake haziwezi kuitoa vizuri hata uipige waya mpaka ikatike. Ukipiga kwa nguvu unachopata ni waya kugonga kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, kelele ya chuma, na noti yenyewe inakuwa fupi. Mwambie mtu wa mitambo akupandishie volyumu na sauti za katikati kidogo, kisha wewe piga taratibu kabisa, yaani kwa ulaini ambao utahisi kama unadanganya. Halafu sogeza mkono. Karibu na shingo ya gitaa sauti ni nene na waya ni laini, karibu na brigi, kule waya zinakoishia kwenye mwili wa gitaa, waya ni ngumu na sauti inakuwa kali, imebana, inapenya kwenye kelele. Jaco Pastorius, yule mpiga besi wa jazi, alipenda kupigia huko nyuma karibu na brigi, ndio maana noti zake unazisikia moja moja hata akikimbia. Kwa sifa jaribu katikati ya hapo ukielekea brigi, kwa kuabudu rudi mbele.

Sasa ongeza kidole cha kati. Shahada, kati, shahada, kati, kama mtu anatembea. Gumba liegemee juu ya pikapu, ile sumaku chini ya waya inayonasa sauti, au kwenye waya ya E. Kidole usikivute kwenda juu kama unanyofoa kitu, kisukume kuelekea ndani kipite kwenye waya kisha kitue kwenye waya inayofuata juu yake, ukipiga D kidole kinapumzika kwenye A. Kutua huko ndiko kunakupa noti zinazolingana, na pia kunaua kelele ya ile waya ya jirani bure bila kazi ya ziada.

Zoezi: fungua metronomu, kile kihesabu mapigo, kwenye simu, weka 60, piga noti tatu tatu kwa kila pigo ukitilia mkazo ile ya kwanza. Kwa vile vidole ni viwili na noti ni tatu, mkazo utaanguka mara kwa shahada mara kwa kati, na hapo utagundua kidole cha kati ni kivivu ajabu. Usipandishe spidi mpaka mtu aliyefumba macho ashindwe kujua kidole gani kimepiga.

Na mkanda upandishe bwana! Najua gitaa likining'inia magotini inapendeza kwa picha, ila kifundo cha mkono kinajikunja kama mpini wa kikombe na mishipa inalalamika. Kifundo kiwe karibu kunyooka. Ukianza kupata ganzi au maumivu yasiyoisha hata ukipumzika, acha kupiga uende hospitali.

SWALI: Mwalimu mimi niko Katwe tunapiga rumba. Kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya gitaa na kucheza, besi inaruka ruka, chini juu chini juu, na mimi nikitoka waya nyembamba kurudi nene vidole vinapishana vinajikwaa, halafu besi yangu iko na kelele waya zingine zinabaki zinaunguruma tu. – Wa Katwe, Kampala

JIBU: Ndugu yangu hayo ni mambo mawili. La kujikwaa: ukishuka toka G kwenda D usilazimishe kubadilisha kidole, kile kilichopiga G si tayari kimetua kwenye D? Basi kiendelee nacho hicho hicho kipige. Ukipanda kwenda waya nyembamba ndio unabadilisha. Kwa zile oktavu za kuruka, yaani noti ile ile ya chini na ya juu, chini piga kwa shahada juu kwa kati, au chini kwa gumba na juu kwa shahada, zote zinafanya kazi, ila chagua moja uizoee.

La kuunguruma: gumba lisigande kwenye pikapu. Ukihama kwenda D na G, gumba nalo lishuke likae kwenye A huku ubavu wake ukigusa E, hapo waya mbili nene zimenyamaza. Zile nyembamba wakati unapiga nene ziguswe kidogo na vidole vya mkono wa kushoto vikilala. Na kwenye sebene ukimya kati ya noti ni nusu ya mchezo, mchezaji anacheza na hizo nafasi, zikijaa muungurumo hata dramu inaonekana imechelewa.

SWALI: Nimekulia kwenye kadongo kamu, gitaa moja na sauti yangu, nimezoea gumba. Sasa bendi imenipa besi na wananicheka eti gumba sio besi. – Mzee kijana, Masaka

JIBU: Wanaocheka hawajui. Fender, wale watengeneza gitaa, walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951 waliweka kishikizo cha vidole chini ya waya nyembamba, kwa sababu walitegemea mtu apige kwa gumba! Laza upande wa kiganja kwenye waya hapo karibu na brigi, piga kwa nyama ya gumba sio kucha, utapata sauti fupi nene tamu sana. Ila kwa nyimbo za mbio jifunze na vidole viwili.

SWALI: Nina malengelenge kwenye ncha ya shahada, nipasue? Na kucha je niache? – Dada wa besi, Mbarara

JIBU: Usipasue dada, pumzika siku chache, chini yake sugu inajijenga yenyewe. Kucha za mkono huo kata, zikigusa waya zinatoa mlio wa tak tak. Za kushoto pia kata, hizo ndio hazina mjadala kabisa.